Kisu Kinachofuata Mfupa

Ng'ombe anayechinjwa Mboko, mashariki mwa Kongo, mara nyingi ametembea mbali. Ameshuka kwa miguu kutoka malisho ya milimani, upande wa Itombwe, mpaka ukanda wa Ziwa Tanganyika, na nyama yake inapotundikwa kwenye ndoano huwa imekaza, ina kano nene na utando mgumu. Bucha nyingi huikata kwa panga na shoka juu ya kigogo. Ni njia ya haraka, lakini mfupa uliopigwa shoka huacha vipande vyenye ncha ndani ya mnofu, na nyama iliyoshikamana na mfupa hupotea pamoja nao. Muuza nyama anayetaka mnofu safi hana budi kuufuata mfupa kwa kisu, auzunguke, auvue nyama yake yote, kisha autoe mzima. Kazi hiyo inataka kisu chake peke yake.

Wafaransa wanacho, nao hukiita désosseur. Bapa lake ni jembamba, lina urefu wa sentimita 13 hadi 15 hivi, pana kidogo karibu na mpini na linapungua taratibu mpaka kwenye ncha kali. Mgongo wake umenyooka. Hakina tumbo la kuviringika la kisu cha kuchunia, wala hakipindiki kirahisi, kwa sababu ncha yake huingizwa kwenye kiungo na kusukumwa kwa nguvu. Mji wa Thiers, katikati ya Ufaransa, umeishi kwa kazi ya visu tangu Zama za Kati. Huko kazi iligawanywa: mmoja alifua, mwingine alinoa, mwingine alitia mpini. Wanoaji walilala kifudifudi juu ya mbao, nyuso zao zikielekea mawe makubwa yaliyozungushwa na maji ya mto Durolle, na vumbi la mawe hayo likawapaka nguo hata watu wakawaita matumbo ya njano.

Mboko hakuna mgawanyo huo. Anayechora kisu ndiye anayekifua, ndiye anayekipiga tupa, ndiye anayekitia mpini na kukinoa. Fundi niliyemtazama ana kibanda cha mabati hatua chache kutoka barabarani, na riziki yake ya kila siku ni majembe na mapanga. Ombi la kisu cha Kifaransa lililetwa na muuza nyama mmoja wa sokoni. Alikuwa nacho kimoja cha zamani, lakini kunolewa miaka nenda miaka rudi kumekila mpaka bapa limebaki na upana wa kidole. Vile vya inoksi vinavyouzwa madukani alivijaribu, vikampindia kwenye kiungo.

Kazi ilianzia buchani. Fundi alikwenda asubuhi, akasimama pembeni ya kigogo, akautazama mkono wa mwenye kazi. Kisu cha zamani hakukiomba. Kisu kilichokwisha kuliwa na jiwe hakionyeshi tena umbo alilokusudia aliyekitengeneza. Mkono unaokitumia bado unaonyesha. Aliona kwamba paja likiwa limetundikwa, muuza nyama hukishika kisu kwenye ngumi, ncha ikielekea chini, akivuta kuelekea kwake. Akifika kwenye bega, lililolazwa juu ya meza, hukigeuza, kidole cha shahada kikakaa juu ya mgongo wa kisu na ncha ikaenda mbele.

"Yaya, unakishika hivyo siku zote?" fundi aliuliza.

"Kwa paja, njo hivi. Kwa bega nakigeuza. Mukono inachoka, fundi, lakini hakuna njia ingine."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama. Kombe la bega ni mfupa bapa wenye ukingo uliosimama katikati, na nyama imejaa pande zote mbili za ukingo huo. Kisu kipana hakiwezi kugeuka pale chini. Kisu chembamba chenye ncha iliyonyooka huteleza ubavuni mwa ukingo, kikageuka mwishoni, kikarudi upande wa pili. Kwenye kiungo cha paja, ncha peke yake ndiyo inayofanya kazi: inatafuta mwanya kati ya kichwa cha mfupa na tundu lake, inakata kano iliyofichwa ndani, na mguu wote unalegea. Fundi aliyaona hayo yote akiwa ameshika uzi mkononi. Alipomaliza aliuzungusha uzi kwenye ngumi ya muuza nyama, akafunga fundo kuweka alama ya kipimo. Akauzungusha tena kwenye ngumi ile ile baada ya kuipaka mafuta ya nyama, kwa kuwa mkono wenye mafuta hukaza zaidi na kuhitaji mpini mnene kidogo.

Kibandani, alikunjua boksi la sabuni, akalilaza juu ya ubao, akaanza kuchora kwa penseli. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mgongo, umenyooka kutoka mwisho wa mpini hadi kwenye ncha. Katika mshiko wa ngumi, nguvu ya mkono hupita katikati ya mpini, na ncha ikikaa mbali na njia hiyo kisu hupinduka kila kinaposukumwa. Kwa hiyo aliishusha ncha kidogo chini ya mstari wa mgongo, ikaelekeana na katikati ya ngumi. Mstari wa pili ulikuwa wa makali, nao ulipanda kutoka kwenye kisigino, yaani mwisho wa makali karibu na mpini, mpaka kwenye ncha, karibu umenyooka kabisa.

Kisigino ndicho kilichomchukua muda mrefu. Kikishuka sana chini ya mpini, hunasa kwenye nyama kila kisu kinapogeuzwa ndani ya tundu. Kikikosa kushuka kabisa, kidole chenye mafuta huteleza kikafika kwenye makali, na jeraha la bucha ni jeraha baya. Alichora, akafuta, akachora tena, mpaka alipopata mshuko mdogo wa chini ya sentimita moja, unaotosha kukizuia kidole bila kunasa nyama. Visu vingi vya Ulaya vina nundu ya chuma kati ya bapa na mpini, inayoteremka mpaka kwenye makali. Nundu hiyo fundi aliiacha nje ya mchoro. Pale inapofika kwenye makali, jiwe la kunolea halifiki, na baada ya miaka michache makali hubaki na shimo mbele ya nundu.

Alikata boksi kwa kufuata mistari, kisha akachonga umbo lile lile kutoka kwenye ubao mwembamba, bapa na mpini pamoja. Kisu hicho cha mbao alikipeleka buchani. Muuza nyama alikishika kwa mishiko yote miwili, akakipitisha kando ya mfupa uliokwisha kuvuliwa nyama, akasema, "Hapa nyuma inanisukuma kiganja." Fundi alitoa kijembe mfukoni, akapunguza mahali pale, akamrudishia. Walifanya hivyo mpaka mkono ulipotulia. Mpaka wakati huo hapakuwa na hata kaa moja lililowashwa, na sehemu kubwa ya kisu ilikuwa imekwisha kuamuliwa.

Chuma alikipata barabarani. Barabara ya Taifa namba 5, inayopita Mboko ikiunganisha Uvira na Baraka, ina mashimo na mawe, na malori yanayobeba mihogo, mawese na samaki huvunja springi mara kwa mara. Springi hizo hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni ya kadiri ya asilimia 0.6, kiasi kinachotosha chuma kuwa kigumu kikizimishwa katika mafuta, na kisichozidi mno hata kikawa chepesi kuvunjika. Kwa kisu kitakachosukumwa na kuzungushwa ndani ya kiungo, hicho ni chuma kinachofaa sana.

Si kila springi inafaa, hata hivyo. Ile iliyovunjika huenda ina nyufa nyingine ambazo jicho halizioni. Fundi aliisugua kwa mchanga na maji mpaka ikang'aa, akaipaka mafuta membamba, akaipangusa, akaiweka juani. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yalitoka tena taratibu, yakachora mstari mwembamba mweusi. Sehemu hiyo aliitupa. Kutoka kwenye sehemu nzima alikata kipande kidogo cha majaribio kwa tindo, akakipasha moto, akakizimisha, akakivunja kwa nyundo, akaitazama sura ya mvunjiko. Chembe zilikuwa laini kama unga uliochekechwa. Chembe kubwa zinazometa zingemwambia kwamba moto wake umezidi.

Tanuru lake ni shimo fupi lililokandikwa udongo, na upepo hutoka kwenye mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi inayopigwa kwa zamu na mwanafunzi wake. Kati ya mivukuto na makaa upo mrija wa udongo, ili ngozi isiungue. Elimu hii ina mizizi mirefu katika nchi za maziwa makuu. Ng'ambo ya ziwa, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, mafundi walijenga tanuru ndefu kuliko mtu kwa ajili ya kuyeyushia mawe ya chuma. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi mafundi wa kale walivyoweza kutoa chuma chenye kaboni katika tanuru zilizovuviwa kwa mirija ya udongo, zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Leo mawe hayayeyushwi tena Mboko. Springi ya lori imechukua nafasi yake. Lakini macho yanayosoma rangi ya moto ni yale yale.

Mkaa aliupanga kwa ukubwa wa yai, akaondoa vumbi lote, kwa maana vumbi huziba upepo. Chuma kilipofikia rangi ya machungwa alikitoa kwa koleo na kukilaza juu ya fuawe. Fuawe lake ni kipande cha reli. Alianza na ncha. Wengi wangeanza na upana wa bapa, lakini ncha ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote na ndiyo inayoungua upesi kuliko zote, hivyo aliitengeneza wakati chuma bado ni kinene pande zote na kinahifadhi joto. Alipiga kona moja kwa pembeni, akaielekeza upande wa mgongo, kisha akageuza na kusawazisha. Rangi ilipoanza kufifia kuwa nyekundu ya damu, aliacha kupiga hata kama pigo moja tu lilibaki, akakirudisha motoni. Chuma kinachopigwa kikiwa kimepoa hupasuka ndani, na ufa huo hujitokeza siku ya kuzimisha, baada ya kazi yote.

Baada ya ncha alifanya jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni kuharibu. Alikipinda kipande chote kuelekea upande wa makali, kikawa na mgongo uliovimba. Kisha alianza kuyapiga makali yawe membamba, na sababu ikaonekana mbele ya macho yangu. Upande unaopigwa hupungua unene na kurefuka, ukirefuka huusukuma mgongo, na bapa zima hujikunja kuelekea juu. Kwa kila msururu wa mapigo mgongo ulikuwa unajinyoosha, kidogo kidogo, na makali yalipofikia wembamba aliotaka mgongo ulikuwa umefika kwenye mstari wa mchoro. Alilaza bapa juu ya boksi la sabuni kwa nukta moja tu, akaona, akalinyanyua kabla karatasi haijashika moto. Hakuhitaji kunyoosha. Ule upinde wa mwanzo alikuwa ameupima kwa jicho, naye alikuwa anajua chuma kitarudi kwa kiasi gani.

Unene nao ulipungua kwa mpango. Kwenye mpini mgongo ulikuwa na milimita nne, katikati ya bapa tatu hivi, karibu na ncha chini ya mbili. Kisu chenye unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho huwa kizito mbele na huchosha kifundo cha mkono. Kinachopungua namna hii hukaa mkononi bila kudai kushikiliwa. Msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, aliuacha mpana kufuata mpini wote, kwa kuwa msuka mwembamba uliochomekwa tu hulegea siku kisu kinapozungushwa ndani ya kiungo.

Alipokuwa ameridhika na umbo, alikipasha moto mara tatu zaidi bila kukipiga hata pigo moja. Kila mara joto lilikuwa dogo kuliko la kabla, na mara mbili za kwanza alikiacha kipoe hewani, mbali na upepo. Mapigo ya nyundo huacha mikazo ndani ya chuma, upande mmoja ukivutana na mwingine, na kupashwa huku huilegeza mikazo hiyo na kuzirudisha chembe kwenye udogo wake. Mara ya mwisho alikifukia kwenye majivu ya moto, akakiacha humo usiku kucha ili kipoe polepole na kuwa laini kwa tupa.

Kupiga tupa ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kufua. Fundi alikibana kisu kwenye jiliwa, akakiwekea vipande vya mbao pande zote ili meno ya jiliwa yasikiume, akaanza na mgongo. Tupa husukumwa mbele kwa uzito wa mwili na kunyanyuliwa wakati wa kurudi. Anayeiburuta ikirudi huua meno yake. Baada ya kila misukumo michache aliipiga tupa kwa brashi ya waya kutoa unga wa chuma uliokwama, kwa kuwa chembe moja iliyokwama huchora mtaro mrefu kwenye bapa. Kisha alishika kisu mbele ya jicho moja, ncha ikielekea mlangoni kwenye mwanga, akaangalia mstari. Mteremko wa upande wa kulia na wa kushoto ulipaswa kukutana katikati kabisa. Aliupaka ukingo wino wa kalamu, akauchora mstari wa katikati kwa ncha ya msumari, akapiga tupa kuelekea mstari huo kutoka pande zote mbili. Makali hakuyamaliza. Aliyaacha na unene wa sarafu nyembamba, maana makali yaliyokonda mno hupinda au kupasuka yakizimishwa.

Kuzimisha alikupangia saa ya jioni. Mchana, mwanga unaopenya kwenye mabati hudanganya jicho juu ya rangi ya chuma. Mafuta yalikuwa mawese, ambayo katika ukanda huu wa Fizi hayakosekani, nayo huganda kidogo asubuhi za baridi. Aliyapasha kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto ndani yake, mpaka yakawa mepesi. Mafuta mepesi hukizunguka kisu haraka na kukipoza kwa usawa. Karibu na tanuru alining'iniza sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kinapofikia nyuzi 770 hivi za Selsiasi huacha kuvutwa na sumaku. Alikigusisha kisu, kikavutwa. Akakirudisha motoni, akakigusisha tena, hakikuvutwa. Hapo aliongeza joto kidogo tu, akikisogeza mbele na nyuma ndani ya makaa ili ncha isitangulie, hadi bapa lote likawa na rangi moja bila kivuli.

Kisha, bila haraka na bila kusita, alikizamisha ncha kwanza, wima. Alikisogeza juu na chini, hakukipeleka pembeni hata kidogo, kwa sababu upande unaokutana na mafuta baridi kwanza husinyaa kwanza, na kisu hupinda. Moto mdogo uliwaka juu ya mafuta, mwanafunzi akafunika chombo kwa kipande cha bati. Kilipotoka, fundi alikipangusa, akaburuta tupa juu ya makali. Tupa iliteleza bila kuuma. Chuma kilikuwa kimekuwa kigumu.

Ugumu wa namna hiyo haufai bado. Kisu kilichoachwa hivyo hukatika ncha kikianguka sakafuni. Alikisugua upande mmoja mpaka ukang'aa ili aweze kuona rangi, akapasha nondo nene ikawa nyekundu, akaulaza mgongo wa kisu juu yake. Joto lilipanda kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, na juu ya chuma kilichong'aa rangi zikaanza kutembea. Kwanza ilikuja njano hafifu ya majani makavu, kwenye nyuzi 220 hivi, ikifuatiwa na kahawia karibu na 250, kisha zambarau na buluu. Buluu ilipotanda mgongoni na kwenye msuka, na kahawia ikaanza tu kugusa makali, alikitosa kisu kwenye maji. Kwa kazi hiyo moja alipata vyuma viwili katika kisu kimoja. Makali yalibaki magumu kiasi cha kushika ukali, na mgongo ukawa mlegevu kiasi cha kuvumilia kuzungushwa. Sekunde chache zaidi, na makali yangekuwa ya buluu pia, laini, ya kunolewa kila saa.

Mpini ulikuwa wa mpera. Mti huo ni mgumu na chembe zake zimeshikana; haunywi damu upesi wala hauchomi mkono kwa vibanzi. Alikuwa ameukata siku nyingi zilizopita, akauweka kivulini ukauke, kwa maana mti mbichi husinyaa na kuacha mwanya kando ya msuka, na mwanya wa namna hiyo kwenye kisu cha bucha ni mahali pa uchafu kuoza. Alichana vipande viwili, akavisawazisha juu ya jiwe bapa mpaka vilipobanana na msuka bila mwanga kupenya. Kabla ya kuvifunga alipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa katikati. Matundu matatu aliyatoboa kwa keekee, akapitisha vipande vya waya mnene wa shaba, akavifua vichwa kwa nyundo ndogo, pigo jepesi moja upande huu na moja upande ule. Pigo zito lingepasua mti.

Hapo ndipo ule uzi wenye fundo ulipofanya kazi. Alichonga, akapima, akachonga. Mpini ulinenepa katikati kujaza kiganja, ukapungua kuelekea kwenye bapa ili kidole gumba kipate mahali, ukavimba tena mwishoni ili ngumi isiteleze ikivuta kuelekea chini. Pembe za mgongo, pale kidole cha shahada kinapokaa, alizizungusha kwa tupa laini na msasa. Anayekishika kisu hicho hatafahamu kwamba pembe zilikuwepo. Mkono wake utafahamu jioni, ukiwa haujachubuka.

Kunoa alianza na jiwe la mchanga, jiwe gumu la kukwangua, maji yakidondoka muda wote. Alilaza bapa, akalinyanyua kidogo, akalishikilia kwenye mwinuko huo huo kutoka kisigino hadi ncha, pande zote mbili kwa idadi sawa. Alipopapasa kwa kidole akakuta ukingo mdogo wa chuma umejikunja kwenye upande wa pili, urefu wote bila kukatika, alijua jiwe hilo limemaliza kazi yake. Akahamia kwenye jiwe laini la mtoni, kisha kwenye ukanda wa ngozi. Kwenye makali hakutafuta wembe. Makali ya wembe huvunjika yakigusa mfupa. Kisu hiki kitagusa mfupa kila siku, na kinahitaji makali yenye mgongo kidogo nyuma yake.

Kisu kilijaribiwa buchani, kwenye bega la ng'ombe. Muuza nyama alikishika, akakigeuza mara moja kwenye kiganja, akaanza bila maneno. Ncha iliingia kando ya ukingo wa kombe, bapa likalala juu ya mfupa, na nyama ikaanza kujitenga kwa mvuto wa uzito wake mwenyewe. Alipofika mwisho aligeuza, akarudi upande wa pili. Kombe la bega lilitoka jeupe, likiwa na utando mwembamba tu hapa na pale. Kwenye paja ncha ilipita kwenye kiungo, kano ikakatika, na hakuna kilichopinda.

"Fundi, hii inajua njia," alisema muuza nyama, akakipangusa. Kisha akaongeza kwamba kwenye kisigino angependa mshuko upungue kama unene wa ukucha, kwa sababu uligusa nyama mara moja alipokigeuza kisu ndani. Fundi hakubisha. Alikaa chini pale pale, akaupunguza kwa jiwe, akamrudishia ajaribu tena, na aliporudi kibandani aliukata mchoro wa boksi uendane na badiliko hilo, ili kisu kitakachofuata kianzie pale hiki kilipoishia.

Wateja wengi hukadiria bei ya kisu kwa kuangalia chuma: springi iliyookotwa, mti wa mpera, waya wa shaba. Kwa hesabu hiyo kisu hiki kingekuwa cha bei rahisi. Lakini kilichonunuliwa hasa ni asubuhi ya kusimama buchani, ni kisu cha mbao kilichochongwa na kuchongwa tena, ni usiku wa majivu, ni jioni iliyosubiriwa ili rangi ya chuma ionekane vizuri. Yote hayo yamefichika ndani ya bapa na hayawezi kuonyeshwa mezani wakati wa kujadili bei. Yataonekana polepole, kwa kilo za mnofu ambazo hazitatupwa na mfupa, kwa mkono ambao hautakatwa, na kwa kisu ambacho kitaweza kunolewa kutoka kisigino hadi ncha kwa miaka mingi, kikipungua upana bila kupoteza umbo. Muuza nyama alilipa bei aliyotajiwa bila kuipunguza, na kwa kuwa alikuwa ameiona kazi tangu mwanzo, alijua analipia nini. Fundi wa namna hii, popote alipo kando ya ziwa hili, anastahili wateja wanaojua.